Vifaa vya kompyuta ya gemu: ninunue sasa au nisubiri? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wa UDOM, vijana wa Area C na Kisasa, na watumishi waliohamia hapa na ofisi zao na sasa wanatafuta burudani ya jioni. Yamewekwa kama yanavyoulizwa. Kama una haraka, soma la kwanza na lile la RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), mengine utarudi.

Nina hela ya nusu ya mashine tu. Nianze kununua kidogo kidogo?

Inategemea ni nusu ipi. Usinunue kifaa ambacho huwezi kukiwasha wiki hiyohiyo. Maduka mengi madogo yanatoa dhamana ya wiki moja, mawili matatu yanafika mwezi. Ukinunua madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) Machi, prosesa (ubongo wa kompyuta) Juni na pawa saplai (kifaa cha kugawa umeme ndani) Agosti, siku ya kuunganisha ukikuta mashine haiwaki hujui mbovu ni nani, na hata ukimjua, dhamana yake ilishakwisha zamani. Muuzaji atakuambia kifaa kilitoka kizima, na huna cha kumjibu.

Kwa hiyo prosesa, madabodi, RAM, pawa saplai na feni ya prosesa vihesabu kuwa manunuzi ya siku moja. Hela ikipungua, iache ikae benki au kwenye simu hadi itimie. Vinavyoweza kutangulia ni vile unavyoweza kuvijaribu bila mashine yako: monita, kibodi, mausi, UPS (betri ya akiba), hata SSD (diski ya kuhifadhia) kama una rafiki mwenye kompyuta. Kasha pia, ingawa sioni haraka ya kukaa na kasha tupu chumbani likikusanya vumbi.

Kadi ya grafiksi ndiyo inayoweza kuja mwisho, miezi hata mitatu baadaye, kwa sharti moja: prosesa yako iwe na grafiksi yake ndani. Hapa watu wengi hujikwaa kwenye herufi moja. Core i5-12400 ina grafiksi, 12400F haina. Ryzen 5 5600G inayo, na ya kutosha kuchezea gemu nyepesi, lakini Ryzen 5 5600 haina kabisa. Yenye F hupungua bei kidogo, ila bila kadi haitakuonyesha chochote kwenye monita, na utakuwa umerudi kulekule kwenye kifaa usichoweza kukijaribu.

RAM imepanda ghafla. Nisubiri ishuke?

Usisubiri kwa matumaini ya mwezi mmoja au miwili.

Chipu za kumbukumbu duniani zinatengenezwa kwa sehemu kubwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Mwaka 2025 wajenzi wa vituo vikubwa vya akili mnemba walianza kununua kumbukumbu kwa wingi na kwa bei ya juu, viwanda vikageuza mitambo kuelekea huko kwenye faida. Bei ya DDR5, aina mpya ya RAM, ilipaa katika miezi ya mwisho ya mwaka huo, na kufikia Desemba seti nyingi ziliuzwa mara mbili au hata mara tatu ya bei ya katikati ya mwaka. Tarehe 3 Desemba 2025 Micron ikatangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake ya RAM na SSD kwa wanunuzi wa kawaida, na kwamba mizigo ya mwisho ingetoka Februari 2026. Kiwanda kipya cha chipu hujengwa kwa miaka, hivyo upungufu wa aina hii hauishi kwa msimu mmoja. DDR4, aina iliyotangulia, nayo imevutwa juu kwa sababu watengenezaji wanapunguza uzalishaji wake, na SSD ziko kwenye njia hiyohiyo kwa kuwa kampuni hizohizo hutengeneza sehemu kubwa ya chipu zake.

Kwa mnunuzi wa Dodoma hili linabadilisha hesabu nzima. Zamani RAM ilikuwa kitu cha kumalizia, unaweka hela iliyobaki. Sasa iulizie bei kabla ya kadi. GB 16 zinatosha kwa gemu nyingi, achana na 32 kama huhariri video. Kwenye DDR4 chukua mbili za GB 8, kwa sababu zikifanya kazi sambamba zinaongeza kasi, hasa kama unategemea grafiksi ya ndani ya prosesa. Kwenye DDR5, kama utaweka kadi na hela ni ya kubana, mimi ningechukua moja ya GB 16 na kuiacha nafasi ya pili wazi. Utapoteza fremu (picha kwa sekunde) kiasi, lakini hutalazimika kuuza mbili ndogo ili upande.

Na pitia maduka ya mjini yenye mzigo wa zamani. Wapo ambao bei yao bado ni ya kontena lililopita. Wengine wakiulizwa tu wanapiga simu Kariakoo kwanza, wakikata simu bei imeshabadilika.

Na mashine ya mtumba ya ofisini, ile Dell au HP?

Kwa mwenye bajeti ndogo, hili ndilo jibu langu la kwanza, na wakati wake ni huu. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Ofisi nyingi za nje zina mashine nzima kabisa za kizazi cha 6 na 7 zisizokidhi masharti hayo, na mashine za namna hiyo ndizo zinazoishia kwenye makontena ya mtumba. Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zinakuja na RAM yake ndani, na kwa bei za RAM za sasa hilo peke yake ni punguzo.

Ukiweza, ongeza kidogo uchukue kizazi cha 8 au zaidi. Gemu ya Valorant, kwa mfano, kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka) viwe vimewashwa, la sivyo haikufungulii.

Tatizo la mashine hizi ni pawa saplai. Ni ndogo, mara nyingi haina waya wa kulisha kadi, na umbo lake ni la kampuni husika, huwezi kubandua na kuweka ya kawaida. Kwa hiyo tafuta kadi inayojilisha kwenye nafasi yake ya madabodi, ambayo hutoa hadi wati 75. GTX 1650 ya mwaka 2019 nyingi ziko humo, ila angalia kwa macho kwamba haina tundu la waya, maana zipo zenye nalo. Bora zaidi ni RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024, inayokula wati 70. Pima na kasha: zile nyembamba zinataka kadi fupi. RX 6400 inaingia vizuri kwa umbo, lakini inatumia njia nne tu za PCIe (nafasi hiyo ya kadi kwenye madabodi), na kwenye madabodi za zamani za kizazi cha tatu cha PCIe inashuka kasi. Kwa OptiPlex ya kizazi cha 7 mimi siichukui.

Kadi mpya zinatoka kila mara. Nisubiri toleo lijalo?

Angalia mwendo wa Nvidia, wenye kadi za RTX. RTX 30 zilianza Septemba 2020, RTX 40 Oktoba 2022, RTX 50 Januari 2025. Yaani miaka miwili na kitu kati ya kizazi na kizazi, na kila kizazi kinaanza na kadi za bei kubwa. Zile ambazo mtu wa kawaida ananunua hufuata miezi baadaye: RTX 5060 ilitoka Mei 2025 kwa bei ya kutangazwa ya dola 299, na RX 9060 XT ya GB 16 ya AMD ikaja Juni kwa dola 349. Ongeza na muda wa mzigo kufika Dar es Salaam na kusambaa. Anayesema anasubiri toleo lijalo mara nyingi anasubiri mwaka mzima, na mwaka huo hachezi chochote.

Dola 299 isikudanganye. Kwa dola ya Sh 2,500 hiyo ni Sh 747,500. Weka VAT ya asilimia 18 inakuwa zaidi ya Sh 880,000, na hapo hujagusa usafiri, tozo nyingine wala faida ya muuzaji. Ukiona kadi mpya ya boksi inauzwa chini ya hapo, jiulize ilipita wapi.

Kusubiri kuna maana katika hali moja: kizazi kipya kimeshatangazwa na wewe unalenga kadi ya mtumba ya kizazi kilichopita. Wenye pesa huuza za zamani ili wapande, na mtumba unalegea. Kadi za mtumba zilijaa pia Septemba 2022, pale sarafu ya kidijitali ya Ethereum, iliyokuwa ikichimbwa kwa kadi hizi, ilipobadili mfumo wake na wachimbaji wakabaki na kadi zisizo na kazi. Baadhi yake bado zinazunguka mpaka leo. Sio zote mbovu, ila feni zake zimezunguka usiku na mchana.

Kuhusu kumbukumbu ya kadi: ukiwa na uwezo wa kuchagua kati ya GB 8 na zaidi, chukua zaidi. Gemu mpya kubwa zinaijaza GB 8 hata kwenye 1080p (monita ya kawaida ya Full HD) ukiweka picha za ubora wa juu. Arc B580 ya Intel ina GB 12 na ilitangazwa kwa dola 249 Desemba 2024, ila inataka mashine yenye Resizable BAR (uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo), kwa hiyo usiiweke kwenye mtumba wa zamani.

Black Friday je?

Kwa maduka ya hapa ni bango tu. Ijumaa ile ya mwisho wa Novemba ina faida kama una ndugu Marekani au Dubai anayekuja kula Krismasi nyumbani: anunue huko, abebe kwenye begi, ukijua kwamba dhamana imebaki kulekule. Mwambie abebe SSD, prosesa na RAM. Kasha na pawa saplai nunua huku.

Bunge la Bajeti linaanza. Nisubiri Julai?

Swali la wenyeji wa makao makuu, na si la kipuuzi. Bajeti husomwa hapahapa bungeni katikati ya Juni, na mabadiliko ya kodi kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai. Kila mwaka kuanzia Mei utasikia vijiweni kwamba kompyuta zitapanda, au zitashuka, na msemaji ana binamu yake wizarani.

Ukweli ni kwamba kompyuta chini ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki zimekuwa kwenye asilimia sifuri ya ushuru wa forodha, na kinachouma ni VAT. Hata kodi ikibadilika Julai, mzigo ulioko dukani ulishalipiwa kwa utaratibu wa zamani, na sijawahi kumwona mfanyabiashara anayeshusha bei ya mzigo wa zamani kwa furaha. Kupandisha, hilo anaweza siku hiyohiyo. Kama hela yako imetimia Mei, nunua Mei.

Dola inaathiri kiasi gani?

Kuliko watu wanavyodhani. Katika miaka ya 2024 na 2025 dola imepanda na kushuka kati ya takriban Sh 2,400 na Sh 2,700. Mashine ya vifaa vya dola 1,000 inatofautiana kwa Sh 300,000 kati ya ncha hizo mbili, na hiyo ni tofauti kubwa kuliko punguzo lolote la sikukuu. Lakini bei ya dukani haishuki siku dola inaposhuka, inafuata mzigo mpya. Shilingi ikiimarika, subiri wiki kadhaa wafanyabiashara waagize tena. Ikianza kuporomoka na hela unayo, usilale.

Niagize China mwenyewe, niende Kariakoo au ninunue hapa Dodoma?

China ina bei, haina mlango wa kurudishia. Nikiagiza naagiza vitu visivyo na ujanja, kama kasha, feni na nyaya, kupitia wakala anayekusanya mizigo Guangzhou. Kwa meli hesabu mwezi hadi mwezi na nusu au zaidi, kwa ndege wiki moja hadi tatu kutegemea wakala. Kalenda ya kuangalia ni Mwaka Mpya wa Kichina. Mwaka 2026 uliangukia 17 Februari, mwaka 2027 ni 6 Februari. Maduka na viwanda hufunga wiki mbili au zaidi, na kabla ya hapo kila mtu anasukuma mzigo wake. Agiza kabla ya katikati ya Desemba au ngoja Machi.

Kadi za China ziogope kidogo. Kuna RX 580 iliyoandikwa 2048SP, toleo lililotolewa kwa soko la huko mwaka 2018: jina ni la 580 lakini idadi ya viini ni ya RX 570. Hiyo angalau ni halali. Zipo pia kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani zijitambulishe kwa jina la kadi kubwa. Programu ya bure ya GPU-Z hugundua nyingi za namna hiyo.

Kariakoo imekuwa karibu tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa Sh 31,000, na treni ya haraka inatumia saa tatu na nusu hivi. Kwa nauli hiyo ya kuanzia, kwenda na kurudi ni kama Sh 62,000, ukiongeza chakula na bodaboda unakaribia Sh 80,000. Kwa mashine nzima safari inalipa, kwa SSD moja hailipi. Na kumbuka kwamba kifaa kikileta shida wiki ijayo, kukirudisha ni Sh 80,000 nyingine. Mimi ninachofanya ni kuchukua bei ya Kariakoo, naongeza hiyo nauli, halafu nampelekea muuzaji wa mjini hapa. Akikaribia, namwachia yeye. Duka unaloweza kulirudia kwa mguu lina thamani yake.

Boom (hela ya mkopo wa wanafunzi) limeingia. Ninunue leo?

Mdogo wangu, lipa kwanza chumba na chakula. Boom linaingia kwa wanafunzi wote kwa wakati mmoja, na wauzaji wa karibu na vyuo wanaijua tarehe kuliko wewe. Wiki mbili za mwanzo bei haipunguziki. Mtumba mzuri hupatikana mwisho wa muhula, mtu akiuza mashine yake ili apate nauli ya likizo. Hapo unaiona ikiwaka, unamjua mwenyewe, na hostel ni ileile.

Soketi (tundu la prosesa kwenye madabodi) gani haitanitupa mkono?

AM5 ya AMD. Ilianza Septemba 2022 na AMD imeahidi kuihudumia hadi 2027 na kuendelea. Shida ni kwamba inakubali DDR5 tu, kwa hiyo bei ya RAM inakufuata. AM4 ni ya zamani lakini inatumia DDR4, na kwa mtu wa 1080p bado inacheza. Upande wa Intel, LGA1700 ilibeba kizazi cha 12, 13 na 14, na madabodi zake zipo za DDR4 na za DDR5, soma boksi kabla ya kulipa. Core i7 na i9 za mtumba za kizazi cha 13 na 14 niziepuke? Naam, isipokuwa labda kama muuzaji anajua historia yake. Zilikuwa na tatizo la kuharibika polepole kwa umeme wa ziada, Intel ikatoa marekebisho ya BIOS (programu ya ndani ya madabodi) mwaka 2024 na kuongeza dhamana kwa miaka miwili, lakini iliyokwisha kuharibika hairudi.

Nasubiri GTA VI. Nijenge sasa?

Usijenge kwa ajili yake. Rockstar, watengenezaji wake, wametangaza 19 Novemba 2026 kwa PlayStation 5 na Xbox Series X na S tu, tarehe ambayo tayari imesogezwa mara mbili. Kwa historia yao, GTA V ilitoka kwenye konsoli Septemba 2013 na kompyuta zikaipata Aprili 2015. Red Dead Redemption 2 ilichelewa mwaka mmoja na siku chache. Mashine utakayojenga leo ijenge kwa gemu unazocheza leo, kwa wengi wenu eFootball, EA FC na Warzone.

UPS ninunue mwanzo au mwisho?

Mwanzo, siku ileile ya pawa saplai. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kinachoungua hakichagui. UPS ya VA 1,000 kwa kawaida hubeba kama wati 600. Inatosha mashine ya kati na monita kwa dakika za kuhifadhi na kuzima, haitoshi kumaliza mechi.

Piga na hesabu ya LUKU. Mashine inayovuta wati 400 kwa saa nne kila jioni inakula uniti 48 kwa mwezi. Kwenye tarifu ya kawaida, uniti moja na kodi zake ikiwa kama Sh 356, hiyo ni karibu Sh 17,000. Kama nyumba yenu iko kwenye kundi la watumiaji wadogo lenye uniti 75 za bei nafuu, mashine peke yake itameza zaidi ya nusu, na mama ataanza kuuliza maswali.

Vumbi nalo lina msimu. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma hauna huruma, kwa hiyo kasha lako liwe na vichujio vinavyochomoka, na ulipandishe mezani. Kuunganisha mashine mwezi Agosti dirisha likiwa wazi ni kujitafutia kazi.

Siku yenyewe ya kununua nibebe nini?

Flashi yenye Windows, GPU-Z na programu ya kupima RAM, na muda wa kutosha. Usiende saa kumi na moja jioni wakati muuzaji anafunga. Omba viunganishwe hapohapo mezani bila kasha, viwake, BIOS ionyeshe RAM yote, kadi icheze kitu kwa dakika ishirini huku mkisikiliza feni. Muuzaji akisema hana umeme wa kujaribia, nenda duka la pili. Dai risiti ya EFD, na juu yake aandike namba ya kila kifaa na muda wa dhamana kwa mkono wake, kisha apige muhuri. Maboksi usiyatupe hadi dhamana iishe, na kadi ukija kuiuza baadaye, boksi lake litakuongezea bei.